Mtoto wa nje ya ndoa na haki zake Kenya: anza na karatasi

Nianze na jibu, maana anayeuliza mtoto wa nje ya ndoa ana haki gani huwa hana subira ya utangulizi. Mtoto uliyemzaa bila ndoa ana haki zilezile za mtoto wa ndoa: jina, uraia, matunzo kutoka kwa wazazi wote wawili, na urithi. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 53(1)(e), imewapa mama na baba wajibu sawa wa kumtunza mtoto wao, wawe wameoana au la. Sheria ya Watoto ya 2022 imekazia papo hapo kwenye kifungu cha 32: hakuna kati yenu aliye na haki kubwa kumshinda mwenziwe. Sheria ya zamani, ya 2001, ilimwachia mwanamume mlango wa nyuma; kama hakumwoa mama, mzigo ulianza kwa mama peke yake. Mlango huo umeshafungwa, na yeyote anayekwambia "si hatukuoana" anakusomea sheria iliyokufa.

Sasa la pili, ambalo ndilo lililonikalisha kuandika. Sheria inampa mtoto haki kwa baba yake, lakini haimjui baba huyo ni nani. Wewe ndiye wa kumwonyesha, na mahakamani watu huonyeshana kwa karatasi. Machozi hayapigwi muhuri, wala masikio yaliyofanana. Wanawake ninaowaona wakitoka mikono mitupu karibu wote walikuwa na haki. Walichokosa ni kitu cha kumpa hakimu ashike mkononi.

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Mombasa, wale tunaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016. Sivai joho na siruhusiwi kukusemea mbele ya hakimu. Kazi yangu ni kukaa na kinamama kwenye mabenchi ya Mahakama ya Watoto ya Tononoka, na siku hizi kinababa pia, nikiwaeleza kilichosemwa ndani na karatasi gani waende wakaitafute. Nimekaa pale muda wa kutosha kujua kwamba karatasi inayokosekana huwa ni ileile.

Cheti cha kuzaliwa

Ukijifungua hospitalini au zahanati, muuguzi atajaza fomu ya taarifa ya kuzaliwa kabla hujaenda nyumbani. Hapo ndipo jina la baba linapoingia au kukosa. Ukijifungulia nyumbani, fomu hiyo iko kwa naibu wa chifu. Kisha unaomba cheti chenyewe kupitia ofisi ya msajili wa vizazi na vifo, Huduma Centre au eCitizen. Usikae sana. Ikipita miezi sita bila kumsajili, unaingia kwenye usajili wa kuchelewa, na hapo karatasi za kuombwa huongezeka.

Kwa miaka mingi kifungu cha 12 cha Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo kilizuia jina la baba kuandikwa ila wazazi waombe pamoja, au mama atoe ushahidi wa ndoa. Matokeo yake nafasi ya baba ilibaki tupu kwenye vyeti vya watoto wengi. Mwaka 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu, katika kesi iliyoletwa na mama mmoja, alitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba, na kwamba mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ana haki ya jina la baba yake kuingizwa kwenye rejista.

Kwenye kaunta, hata hivyo, karani bado anaweza kukutazama juu ya miwani na kukwambia, "Mlete baba yake." Usigombane naye. Kama mwanamume amekubali, nendeni wote wawili na vitambulisho halisi na nakala zake, tena mwende wakati bado anambeba mtoto na kupiga naye picha. Furaha ya mwanzo ina miguu. Mwanamume aliyekuja hospitalini na thermos ya uji anaweza kuwa hapokei simu zako mtoto akianza kutambaa.

Kama amekataa, usilazimishe jina lake kwa hila. Dai la kumtambua baba lina mahakama yake, nami nitalifikia. Agizo la mahakama likipatikana, unalipeleka kwa msajili na jina linaingia.

Kuna makosa mawili ya cheti ambayo nayakuta kila mara. La kwanza ni kumwandika babu, yaani babake mama, kwenye nafasi ya baba, ili cheti kisionekane na tundu. Naelewa aibu inayosukuma jambo hilo, hasa mzee mwenyewe anapojitolea. Lakini kwa karatasi hiyo mtoto amekuwa ndugu yako, na siku babu atakapofariki wajomba watakuwa na maneno ya kusema kuhusu huyo "mtoto" wa ziada. Kukinyoosha cheti hicho baadaye ni kazi ya viapo na safari. Heri nafasi iliyo wazi kuliko iliyojazwa uongo.

La pili ni kudhani kwamba ukimpa mtoto jina la ukoo wa mwanamume umeshamaliza. Jina ambalo mtoto anaitwa na jina lililo kwenye sehemu ya baba ni mambo mawili tofauti. Mtoto anaweza kuitwa jina zima la babu mzaa baba na bado cheti kisionyeshe baba yeyote.

Uraia wake usikusumbue. Kifungu cha 14 cha Katiba kinamtambua kuwa Mkenya kwa kuzaliwa mradi mmoja wenu, mama au baba, ni raia. Ndoa haihusiki.

Na kama ulipozaa ulikuwa bado kwenye ndoa na mume mwingine, tahadhari. Wahenga walisema kitanda hakizai haramu, na Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 118, inasema karibu hayohayo: mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa halali, au ndani ya siku 280 baada ya ndoa kuvunjika, huhesabiwa wa mume huyo, ila ithibitishwe kwamba wawili hao hawakuwa na nafasi ya kukutana kimwili. Hapo usijaze fomu yoyote kabla ya kuzungumza na wakili.

Bahasha ya mtoto

Kila mama anayekuja kwangu namwambia atafute bahasha moja kubwa ya kaki, aandike jina la mtoto juu, na aiweke mahali ambapo mwanamume hawezi kuifikia. Ndani yake ataweka kila kitu kinachoonyesha kwamba baba amemtambua mtoto: kitabu cha kliniki chenye jina lake, kadi ya ubatizo au karatasi ya akika, fomu ya shule aliyotia sahihi kama mzazi, risiti za hospitali alizolipa, picha zao zilizoandikwa tarehe nyuma. Weka taarifa ya M-Pesa inayoonyesha alichokuwa akituma; unaweza kuiomba upya, lakini ichukue mapema. Ujumbe wa WhatsApp unakubalika mahakamani, mradi uchapishwe na uambatanishwe na cheti cha ushahidi wa kielektroniki. Kijana wa saiba hatakiandika sawasawa asipoelekezwa, kwa hiyo mwone mtu anayejua. Simu yenyewe usiiuze. Usifute hata jumbe za matusi. Mwanamume mmoja alimtukana mama wa mtoto wake kurasa nzima, na katikati ya matusi akaandika "mtoto wangu usimpeleke shule hiyo ya ovyo." Hakimu alilisoma hilo neno mara mbili.

Nakwambia haya kabla ya ugomvi kwa sababu baada ya ugomvi mwanamume hatii tena sahihi popote, na watu wake wanaanza kusahau walikuja arobaini ya mtoto.

Kudai matunzo

Wengi huanza kwa chifu. Hakuna ubaya. Chifu anaweza kuwaita, kuwakalisha na kuandika mlichokubaliana, na karatasi hiyo yenye sahihi zenu inaingia kwenye bahasha. Lakini chifu hana nguvu ya kumkamua mtu aliyeacha kulipa. Afadhali uende kwa afisa wa watoto wa serikali katika kaunti ndogo yako. Huduma yake hailipiwi. Atamwandikia mwanamume barua ya wito, atawasikiliza, na mkikubaliana atawaandikia makubaliano ya wajibu wa wazazi: nani analipa karo, nani anagharimia matibabu, kiasi gani kila mwezi na tarehe gani, mtoto analala wapi, baba anamwona lini. Makubaliano hayo mnaweza kuyapeleka mahakamani yakafanywa agizo. Fanyeni hivyo hata kama mnapendana kama njiwa, kwa sababu karatasi ya ofisini hubembelezwa na agizo la mahakama hutiiwa.

Asipofika, au akifika na kukana, basi ni Mahakama ya Watoto. Kwa kawaida kesi hufunguliwa mahakama ya eneo anakoishi mtoto. Utahitaji hati ya madai, kiapo cha kuithibitisha, maelezo yako, nakala za ushahidi wako, na hati ya kiapo cha mapato na matumizi yako. Siku hizi kesi husajiliwa mtandaoni, hivyo utaenda saiba au dawati la usaidizi la mahakama. Jambo moja wasilokwambia watu: kesi inaweza kuchukua muda mrefu, kwa hiyo pamoja na hati ya madai weka ombi la maagizo ya muda, ili mtoto ale wakati nyinyi mnasubiri. Kama huna pesa za ada, omba kuruhusiwa kushtaki kama asiye na uwezo.

Bajeti ya mtoto ndiyo sehemu inayoharibu kesi nyingi nzuri. Mama anaandika kwa hasira. Nimeona bajeti ya mtoto wa miaka mitatu yenye fungu la saluni. Hakimu akishaona hilo, hata maziwa anayatilia shaka. Kaa chini, andika chakula, sehemu ya mtoto kwenye kodi ya nyumba (si kodi nzima, nawe unalala humo), karo, nauli ya shule, nguo, matibabu, na mtu wa kumlea ukiwa kazini. Ambatanisha risiti. Pale ambapo huna risiti, kama maziwa ya jirani, sema kwa uwazi ni kiasi gani kwa siku.

Baba naye atatakiwa kuapa kuhusu mapato yake, na hapo ndipo watu wenye nyumba za kupangisha hugeuka mafukara ghafla. Kama hana hati ya mshahara, wewe onyesha maisha yake: picha ya duka na jina lake kwenye leseni ya biashara, nambari za usajili za tuktuk zake wanazoendesha watu wengine kwa niaba yake, karo anayolipia watoto wake wengine. Mahakama hutazama uwezo wa kila mmoja na mahitaji ya mtoto. Wajibu sawa haumaanishi kila mara nusu kwa nusu. Mama anayeishi na mtoto anatoa makao, muda na usingizi wake, na hayo huhesabiwa.

Msishangae mkipelekwa kwa mpatanishi wa mahakama kabla ya kusikizwa. Nimeona kesi nyingi zikiisha vizuri kwenye chumba hicho kuliko mbele ya hakimu, hasa pale ambapo tatizo lilikuwa ni mashemeji.

Agizo likitoka, mwambie alipe kwa njia inayoacha alama: karo moja kwa moja shuleni, matumizi kwa simu. Akiacha, rudi mahakama ileile na orodha ya miezi iliyopita. Mahakama inaweza kukamata mshahara au mali yake, na mtu mwenye uwezo anayekaidi anaweza kujikuta jela ya madeni. Matunzo huendelea hadi miaka 18, na mahakama inaweza kuongeza muda kama kijana bado anasoma au ana ulemavu.

Neno kwa kinababa, kwa sababu nao hunisimamisha kwenye ngazi. Kifungu hichohicho cha 32 cha Sheria ya Watoto ni chenu pia. Ukinyimwa mtoto, unaweza kufungua kesi ya kumwona au ya malezi bila kuwa umemwoa mama yake. Ila pesa na kumwona mtoto havinunuliani. Huwezi kuzuia karo kwa sababu ulinyimwa wikendi, wala mama hawezi kukuzuia mlangoni kwa sababu hujalipa mwezi huu. Nyote wawili mtakaripiwa.

Akikana: kipimo cha DNA

Mahakama inaweza kuagiza kipimo, lakini haiagizi kwa kuombwa tu. Mwili wa mtu una faragha yake, na hakimu atataka kwanza kuona msingi: mlikuwa pamoja, kipindi kinalingana, kuna jumbe, kuna mashahidi. Kwa hivyo bahasha inarudi tena. Gharama mahakama ndiyo huamua nani alipe, mara nyingine mnagawana. Mwanamume akikataa kipimo kilichoagizwa bila sababu, mahakama inaweza kulisoma hilo dhidi yake.

Kipimo cha siri mlichofanya nyumbani kwa unywele wa mtu usikitegemee. Sampuli lazima zichukuliwe mahali panapokubalika, mbele ya watu, na njia yote ya kuzisafirisha ijulikane. Na kabla ya kuomba kipimo, mwanangu, jiulize mwenyewe faraghani kama una uhakika. Sikuhukumu. Lakini majibu yakitoka yamekwenda kombo, hayarudi ndani ya bahasha.

Mirathi

Hapa nakaa zaidi, kwa sababu matunzo yakicheleweshwa yanaweza kudaiwa kesho, lakini shamba likishagawanywa na kuuzwa, unabaki kufukuzana na wanunuzi.

Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, kifungu cha 3(2), inamtambua mtoto hivi. Kwa mama, mtoto yeyote aliyemzaa ni mtoto wake, ndoa au bila ndoa. Kwa baba, ni mtoto ambaye alimtambua waziwazi, au alimkubali kwa vitendo kuwa wake, au alichukua kwa hiari jukumu la kudumu juu yake. Hata mimba imo, mradi mtoto azaliwe hai. Tazama jinsi maneno hayo yalivyo: kutambua, kukubali, kuchukua jukumu. Hivyo ndivyo vitu unavyovikusanya ukiwa bado unagombana naye kuhusu karo. Taarifa ya M-Pesa ya miaka mitano yenye malipo kila mwisho wa mwezi inasema mengi baada ya mwenye kuzituma kufariki.

Kifungu cha 29 kinamweka mtoto wa marehemu kwenye orodha ya wategemezi, awe alikuwa akitunzwa naye wakati wa kifo au la. Umri haumfungii mlango. Mtu mzima mwenye wajukuu anaweza kudai kwa babake. Na kama marehemu aliacha wosia uliomruka mtoto, kifungu cha 26 kinamruhusu kuiomba mahakama impatie fungu linalofaa kutoka kwenye mali.

Kama hakuna wosia na hakuna mjane, kifungu cha 38 kinagawa sawa kwa watoto wote. Mjane akiwepo, kifungu cha 35 kinampa vyombo vya nyumbani na haki ya kutumia mali iliyobaki maishani mwake, kisha ndipo iende kwa watoto. Mtoto wako anasimama kwenye mstari uleule na watoto wa nyumba kubwa.

Lakini wewe mama husimami hapo. Kuzaa na mtu hakukufanyi mjane wake. Nimeona dai zuri la mtoto likizama kwa sababu mama aliingia mahakamani akisema "mimi pia ni mke", bila mahari, bila cheti, bila shahidi. Familia ikaelekeza mishale yote kwenye hicho kiapo chake, ikakivunja, na kwa kukivunja ikamfanya aonekane mwongo hata kwa yale ya kweli. Kama kweli mlioana kimila, hilo ni dai lako na lina ushahidi wake. Kama hamkuoana, ingia kwa niaba ya mtoto tu, na uandike hivyo kwenye mstari wa kwanza.

Baba wa mtoto akifariki, mambo huenda kwa kasi, nawe utakuwa na msiba wako pia. Fanya haya hata hivyo.

Nenda mazikoni ukiweza, na umchukue mtoto. Usipige kelele. Chukua nakala ya kijitabu cha mazishi chenye wasifu wa marehemu. Majina ya watoto yaliyochapishwa pale familia yenyewe ndiyo iliyoyaandika, na kama la mtoto wako limo, una ushahidi mzito kutoka kwa wapinzani wako wa kesho. Kama halimo, chukua hata hivyo, inaonyesha nia.

Ndani ya wiki chache mwone chifu wa kwao marehemu. Mirathi huanza na barua ya chifu inayoorodhesha walioachwa, na chifu huandika anachoambiwa na waliofika kwanza. Peleka cheti cha kuzaliwa, nakala ya kitambulisho chako, na barua fupi inayosema mtoto huyu ni wa marehemu na naomba aorodheshwe. Mwachie nakala, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Akikataa, mwandikie naibu kamishna wa kaunti na umpe chifu nakala.

Kisha fuatilia kama kesi imefunguliwa. Mali ya hadi shilingi milioni 20 inaweza kushughulikiwa na hakimu, iliyozidi hapo ni Mahakama Kuu. Maombi hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Kenya, linalotoka Ijumaa, na kuanzia tangazo kuna siku 30 za kuweka pingamizi. Watu wengi hawasomi gazeti hilo, na familia zinalijua hilo. Uliza masjala ya mahakama iliyo karibu na kwao na iliyo karibu na mali.

Siku 30 zikikupita, usilie bado. Msimamizi wa mirathi, yaani mtu anayeteuliwa na mahakama kushika mali ya marehemu, huwa hagawi mali hadi uteuzi wake uthibitishwe na mahakama, na kwa kawaida hilo husubiri miezi sita. Katika kipindi hicho unaweza kupinga mgawanyo na kuleta ombi la kifungu cha 26. Tarehe ya kuthibitishwa ndiyo ukuta: kifungu cha 30 kinasema baada yake ombi hilo halipokelewi. Ukiwa umechelewa kabisa, kimebaki kifungu cha 76, kuomba uteuzi ubatilishwe kwa sababu familia ilificha kuwepo kwa mtoto. Ni njia halali na hushinda, ila ni ndefu na mali inaweza kuwa imeshabadilisha mikono. Na yeyote anayeuza mali ya marehemu kabla ya mahakama kumteua anatenda kosa chini ya kifungu cha 45. Liseme hilo kwa sauti ya upole kwa shemeji anayeonyesha watu kiwanja.

Ikiwa kati ya warithi kuna mtoto wa chini ya miaka 18, mali yake hushikwa kwa dhamana, na kifungu cha 58 hakiruhusu msimamizi mmoja peke yake ila awe Mdhamini wa Umma au shirika la udhamini. Tumia kifungu hicho kuomba mtu unayemwamini awe msimamizi wa pili.

Je, kama marehemu hakupimwa DNA alipokuwa hai? Ndugu zake wanaweza kutoa sampuli, na wakati mwingine hospitali huwa imehifadhi kitu. Kufukua kaburi ni jambo ambalo mahakama hulikubali kwa nadra sana, nami nakushauri usilijenge dai lako juu yake.

Baba akiwa Mwislamu

Huku kwetu pwani swali hili haliepukiki, na mimi mwenyewe nimelelewa kwenye nyumba inayorithishana kwa fungu la Qur'ani. Kifungu cha 2(3) cha Sheria ya Mirathi kinawaachia Waislamu warithishane kwa sheria ya Kiislamu, na mahakama ya Kadhi ina mamlaka pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda huko. Kwa fiqhi iliyozoeleka, mtoto wa nje ya ndoa hurithi kwa mama na upande wa mama, si kwa baba. Lakini tarehe 30 Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika rufaa iliyotoka huku Mombasa, ilikataa hoja kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa wanyimwe urithi wa baba yao Mwislamu, ikiegemea haki ya usawa iliyo kwenye Katiba. Kwa hiyo ukiambiwa "hana chake, ni dini," jua kwamba sheria ya nchi imeshasema vingine.

Wapo wasioridhika na uamuzi huo, nami nakaa nao msikitini. Kwa baba anayetaka kumwachia mtoto wake kitu bila kugombanisha mtu na imani yake, njia zilikuwepo tangu zamani: hiba, akimpa akiwa hai na kumkabidhi kweli, kwa maandishi na mashahidi, na wosia, ambao unaruhusiwa hadi theluthi ya mali kwa asiyekuwa mrithi. Akiahidi kwa mdomo barazani, haujatokea wosia wala hiba.

Hata asiye Mwislamu naye amuulize mwanamume kuhusu fomu ya wanufaika kazini na kwenye pensheni. Kumwandika mtoto pale ni kazi ya dakika chache, na mtoto huyo huyo aandikwe kama mtegemezi kwenye bima ya afya ya SHA, ambako cheti cha kuzaliwa kitaulizwa tena.

Kama mama mwenyewe ni mtoto

Kama msichana aliyezaa ana chini ya miaka 18, usianze na matunzo. Kumpa mimba msichana wa umri huo ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, na mbuzi waliopelekwa kwa wazee hawalifuti. Piga simu 116, nambari ya watoto isiyolipiwa, au nenda kituo cha polisi na hospitali. Mtoto aliyezaliwa bado ana haki zake zote nilizozitaja, na zitadaiwa kwa wakati wake. Vivyo hivyo kwa mama aliyebakwa: hakuna anayeweza kukulazimisha ukae meza moja na mtu huyo kwa jina la mapatano.

Kwa msaada usiolipiwa, uliza ofisi ya Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, FIDA Kenya (chama cha mawakili wanawake) au shirika liitwalo Kituo cha Sheria. Ukija Tononoka, fika asubuhi mapema kabla ya orodha ya kesi kusomwa, uje na nakala mbili za kila karatasi na kitambulisho chako halisi. Mtoto mwache kwa jirani kama hakuitwa. Mabenchi ni machache na siku ni ndefu.